Tukifika Kwenye Mapafu

Marehemu dada yangu alikuwa ugenini akisomea ualimu. Siku ya kupimwa ufundishaji wake, mkaguzi alisinzia kwenye dawati la nyuma, fomu ya alama ikiwa tupu mapajani. Miwani ilimteleza hadi ncha ya pua, ikawa inapanda na kushuka kwa kila pumzi.

Kama dada asingefaulu, angerudishwa nyumbani.

"Mwalimu, tumwamshe?" mwanafunzi wa mbele alinong'ona.

Dada aliutazama moyo aliouchora ubaoni. Mishipa ilikuwa imemchanganya yeye mwenyewe.

"Mwacheni kwanza. Mtamwamsha tukifika kwenye mapafu. Mapafu nayajua."

Darasa zima likaziba midomo kuzuia kicheko.

Kule nyuma, bila kufumbua macho, mkaguzi akasema, "Anza mapafu, mwalimu. Hata mimi moyo ulinishinda."