Shanta la Mchanga

Siku hizi nyama huliwa na nyumba ambayo mwindaji wake ameibeba mgongoni kutoka mlimani, na anayeshindwa mtihani wa mzigo hajaribu tena maishani. Miezi mitatu nilipanda Uluguru na shanta la mchanga la kilo thelathini. Mume wangu Mkude alinijazia na kunifungia mikanda kila alfajiri, na kila wiki nililiona jepesi zaidi.

"Mama Tunu, umekuwa chuma!" alinisifu.

Leo shanta la mtihani limeniangusha hatua ya kumi. Msimamizi wa mtihani akafungua langu la mazoezi: chini ya mchanga mlijaa maranda ya mbao.

"Nyumba hii ina mwingine?" akauliza.

Mkude akajitokeza, akanigeuzia mgongo nimfungie mikanda. Nikamfungia.