Popote Isipokuwa Goma

Teta alipotaja Goma, simu ilikatika.

Alidhani ni mtandao. Akapiga tena na tena, kaka yake asipokee. Jioni Cyiza mwenyewe ndiye aliyempigia kwa intaneti, sauti imekauka, anakohoa.

"Goma usiende," akasema. "Mi nakuambia kama kaka yako. Unatoka inchi masikini unaingia ku ingine masikini, utapata nini? Vumilia. Nitakuita huku Kanada."

"Ulisema hivyo mwaka jana."

"Karatasi zinachelewa. Huku mambo haiko rahisi kama unavyofikiri."

Katika chumba cha pili mama yao, Illuminée, alikuwa amelala huku ameketi, mito imemwegemeza mgongo, maana akijinyoosha pumzi zilimkwama. Moyo wake ulikuwa umechoka na miguu imevimba. Dawa zilikuwa zimekwisha tangu Alhamisi.

"Mama anakuulizia," Teta akasema. "Anataka kuona uso wako, hata ku simu."

"Mwambie kazini wanakataza video."

"Hata Jumapili?"

Cyiza akakohoa tena, akasema ni baridi tu, akaaga.

Miaka miwili kabla ya hapo, kaka na dada walikuwa wakishinda pamoja katika nyumba hiyo hiyo ya Gisenyi, wote wamesoma, wote hawana kazi. Kayitesi, jirani aliyekuwa akivuka mpaka kila siku kwenda Goma, upande wa Kongo, na mboga zake, alimletea Cyiza habari njema: hoteli moja ya Goma ilitaka fundi umeme. Cyiza alicheka. Alisema mtu akishaamua kuondoka kwao, basi aende mahali ambapo jasho lina bei. Tayari alikuwa amempata wakala aliyemwahidi kazi katika kiwanda cha nyama huko Kanada.

Mama aliuza shamba la viazi la Kanama, ambalo marehemu mumewe alimwachia. Wakamsindikiza Cyiza hadi kituo cha basi, kwa kuwa wakala aliwataka wasafiri wake wakutane Kampala, kisha wapande ndege. Basi lilikuwa limeshawasha injini, mama bado ameshika kichwa cha mwanawe, anamwombea.

Tangu siku hiyo Cyiza hakukosa kupiga simu Jumapili. Msaada aliutuma kwa mkono wa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akitoka Goma. Alisema njia hiyo ilikuwa nafuu. Ulikuwa msaada mdogo, na kila ulipofika Teta alizidi kumkasirikia. Alimwona kaka yake ndani ya nyumba yenye joto, ameshiba, akiwapimia wao makombo.

Yeye mwenyewe alikuwa amebisha kila mlango: hoteli za kando ya ziwa, ofisi za mjini, hata shule za Rugerero. Wote walipokea karatasi zake kwa adabu, wakamwambia watampigia.

Jumatatu asubuhi mama aliomba maji, akashindwa kushika kikombe. Teta akamnywesha.

"Cyiza usimusumbue," mama akasema, akivuta pumzi kwa shida. "Mutoto anateseka na baridi kule."

Teta akatoka nje ili asilie mbele yake. Akanawa uso, akamwendea Kayitesi.

"Dada, ile kazi ya Goma uliniambia wiki iliyopita, bado iko?"

"Nimesikia bado iko. Patron Karenzi, bosi wa simenti, ku barabara ya Sake. Anatafuta mutu wa kuhesabu mali, mwenye anajua Kinyarwanda na Kiswahili." Kayitesi akamtazama. "Lakini kaka yako si alikataza?"

"Kaka yangu iko mbali. Hajui vile tunalala."

Wakamwomba binti wa Kayitesi akae na mgonjwa, wakavuka mpaka pamoja katikati ya wanawake wenye mabeseni kichwani. Upande wa pili, Kayitesi akaelekea sokoni kwake na Teta akapanda pikipiki. Njiani alimtumia Cyiza ujumbe mfupi: *Nisamehe. Mama anazidiwa. Nimeenda kutafuta kazi.* Hakusema wapi. Kisha akazima simu asije akashawishiwa kurudi.

Karenzi alikuwa mtu mzima, mnene, mpole. Alisoma vyeti vyake, akamuuliza alikozaliwa, akamuuliza kwa nini hakwenda Ulaya kama vijana wengine.

"Mama yangu ni mugonjwa," Teta akajibu. "Siwezi kungoja Ulaya."

Karenzi akatikisa kichwa kwa huruma. "Bon. Unaweza kuanza lini?"

"Sasa hivi, patron."

"Donc, basi, anza."

Kwa muda mrefu hakuna mtu aliyemwambia neno kama hilo, na sasa limesemwa hapa, mahali alipokatazwa asikanyage. Akawaza jinsi atakavyomwambia kaka yake Jumapili, tena bila kuomba radhi. Leo leo angeomba sehemu ya mshahara anunue dawa, azipeleke nyumbani.

Karenzi akampeleka nyuma ya duka, ghalani. Vumbi lilikuwa zito kama moshi. Wanaume waliofunga vitambaa puani walikuwa wakishusha mifuko kutoka kwenye lori.

"Hawa ndio watu wako," Karenzi akasema. "Kila mufuko wanaoweka chini, unaandika."

Wa kwanza akaja ameinama, mfuko mgongoni, nywele na nyusi zimekuwa kijivu kama za mzee. Akautua mbele ya Teta. Akanyoosha mgongo, akamtazama. Polepole akashusha kitambaa usoni.

"Teta," Cyiza akasema. "Usimuambie mama."