Nusu Dozi

Silantoi alimpokonya Naisiae shuka ya mtoto mbele ya waombolezaji, udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi.

"Umeniulia mjukuu!"

Kila aliyekuwapo pale Ngaramtoni alijua sababu. Lengai alikuwa hajaanza hata kutambaa. Nimonia ilipombana kifua, hospitali walimpa dawa, wakabadilisha, wakabadilisha tena. Zote hazikufua dafu. Daktari alisema vijidudu vile vilishazizoea dawa, na huenda mtoto aliambukizwa na mtu wa nyumbani mwenye tabia ya kumeza nusu dozi. Ndipo wote nyumbani wakapitishiwa pamba kooni, wapimwe.

Naisiae alikwenda peke yake kusikiliza majibu. Aliporudi alimwambia mama mkwe wake, macho chini, "Ni mimi, yeyo."

Tangu hapo Silantoi alimchukia mkamwana wake kuliko mauti yenyewe. Dawa ni kitu cha kuchezea? Yeye hakuwahi kumlambisha mtoto hata chembe. Kifua chake mwenyewe kikimsumbua, alimeza vidonge viwili, akipata nafuu akavifunga vilivyobaki kwenye pindo la shuka vimfae siku nyingine. Akiba haiozi. Na mjukuu alimpa kile tu ambacho bibi wa Kiarusha humpa mjukuu: kila asubuhi alimtemea mate ya baraka kwenye paji la uso na viganjani, naye Lengai akacheka, akavitia vile viganja mdomoni. Jamani, kile kicheko! Kilimuuma Silantoi hata usingizini.

Alitaka Naisiae arudishwe kwao. Mwanawe, Frederick, alimpenda mkewe. Akasema hamfukuzi mtu mpaka asikie kwa masikio yake. Basi Silantoi akajifunga shuka yake, akamchukua mwanawe wakaenda hospitali mjini.

"Shikamoo, bibi. Poleni sana," alisema Daktari Elinami.

"Marahaba. Mwambie huyu mwanangu ulichokiona kooni kwa mke wake, amrudishe kwao leo hii."

Daktari alimtazama Frederick, akashusha pumzi.

"Naisiae hakuwa na kitu, bibi. Vijidudu vile tulivikuta kooni kwako. Nilipomweleza, alinipigia magoti nisikuambie."