Kiambatisho

Kwenye fomu ya tuzo za maofisa uhusiano, Radhiya alitakiwa kuambatisha ushahidi wa mgogoro walioutuliza. Bosi alikwishachagua picha: mkulima wa mwani akipokea kanga za hoteli yao, mkono wa kulia umefichwa.

Radhiya akaambatisha video. Walinzi wa hoteli walikuwa wakimponda mama huyo vidole kwa rungu, kisa kapita ufukwe wa wageni.

"Bado tu, Bi Radhiya? Nshawaambia wakubwa tuzo yetu!" Bosi akainama kutazama. "Mshenzi we! Futa!"

Akakamata kifuniko cha kompyuta mpakato, akakishusha kwa nguvu zake zote.

Radhiya angeweza kuuvuta mkono wake kutoka kwenye vitufe. Kilibaki kitufe kimoja tu, cha kutuma. Akakibonyeza, na mifupa ya vidole vyake ikalia chini ya kifuniko.