Kuku wa Kupokelea Nyumba

Mwantumu aliingia ofisi ya kodi huku akicheka peke yake, ufunguo wa nyumba ya bibi yake ukining'inia shingoni kama kidani. Bibi Kidawa alimfuata amekumbatia kapu, na ndani ya kapu mlikuwa na kuku.

"Amenipa nyumba, kaka! Nyumba nzima, na kisima chake!" Mwantumu alimwambia karani.

Karani naye akatabasamu. "Hongera sana. Zawadi ya bibi kwa mjukuu haina kodi. Hukumlipa chochote?"

"Amenilipa!" Bibi alidakia kwa fahari. "Kuku huyu, asubuhi ya leo. Kwetu nyumba haipokewi hivi hivi. Nyumba ya bure haikai na mtu."

Kalamu ya karani ikasimama. "Basi mmeuziana, Bibi. Kuuziana kuna kodi, na kodi yenyewe inafuata thamani ya nyumba, si ya kuku."

Mwantumu akaushika ufunguo kwa mikono miwili. Ili kulipa kodi hiyo, ingebidi aiuze nyumba yenyewe.

Bibi akainamia kapu, akapapasa chini ya kuku taratibu, kisha akamtoa na kumtia mjukuu wake mikononi.

"Mchukue kuku wako. Hujanilipa."

"Sasa ni zawadi," karani alisema, akagonga muhuri.

Mwantumu akapiga kigelegele, kuku akamponyoka na kurukia meza, ofisi nzima ikaangua kicheko. Bibi alibaki ameketi, mkono mmoja chini ya kanga. Ndani ya kiganja chake yai lilikuwa bado lina joto.