Mikeka Miwili ya Kindi

Nyani na tumbili waligombania mkuyu mmoja, na Kindi akawa anapeleka habari za huku kule na za kule huku. Kila upande ulimwita "mtu wetu", kisha ukaanza kumtilia shaka.

Asubuhi moja Kindi akakutwa chini ya mkuyu, amekufa. Nguchiro, ambaye hakuwa na upande, akaombwa achunguze.

"Sisi tulimpenda," alisema Mzee Nyani.

"Sisi tulimpenda zaidi," alisema Bi Tumbili.

"Basi leteni mkeka wa kumzikia," alisema Nguchiro.

Kwa desturi yao, mkeka wa maiti husukwa baada ya kifo. Kuusuka kabla ni kumchulia mtu kifo, na ukindu wenyewe haukauki kwa siku moja.

Kabla Nguchiro hajaketi, nyani wakaleta mkeka mkavu, uliokwisha kusukwa, wenye hata nafasi ya mkia.

"Wauaji hao!" tumbili wakapiga kelele, huku wakikunjua wa kwao. Nao ulikuwa mkavu, wenye nafasi ya mkia.

Nguchiro akatangaza kwamba marehemu aliteleza. Kindi akazikwa na mikeka yote miwili, wa nyani chini, wa tumbili juu.

Watu walipotawanyika, Mzee Nyani akamvuta Nguchiro pembeni. Bi Tumbili alikuwa nyuma yao, anasubiri zamu yake.

"Ndugu yangu," alisema Mzee Nyani, "nafasi ya Kindi iko wazi."

"Nashukuru, mzee wangu," alijibu Nguchiro. "Na mkeka wangu mmeufikisha wapi?"