Nchi Isiyo na Baraza

Tunu alitandaza ramani yake mkekani, karatasi ya mfuko wa saruji iliyopasuliwa vizuri. Milima aliichora kwa mkaa, mito kwa buluu ya kufulia. Nchi nzima aliitunga mwenyewe, ili acheze na shoga zake kwa dadu na masimulizi. Lakini shoga wameolewa, wamehama, na vikombe vya tangawizi vilikuwa vinapoa tu.

Bi Zamda, jirani yake, akachungulia mlangoni. "Mwanangu, bado unawangoja? Na hili dude lenye mabawa ni nini?"

"Joka, Bi Zamda. Linalinda mji."

"Mh! Ukuta, lango, askari, tena joka! Mgeni akija anakaa wapi? Hata kibaraza hakuna. Nani atakuja huku?"

Tunu aliokota mkaa, akachora kibaraza nje ya lango, akakitandikia na mkeka.

Bi Zamda akafungua pindo la kanga, akatoa karafuu moja, akaiweka pale kibarazani. "Huyo ndiye mimi. Joka lako lisinile. Naepua chungu, nakuja."

Akatoka. Tunu akaifumbata dadu, akasikiliza mfuniko wa chungu ukifunuliwa upande wa pili wa ukuta, kisha nyayo za Bi Zamda zikirudi mlangoni.